Binti yangu alisema tuko sita, na chakula kikakatwa

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mkongo wa Fizi. Tuliishi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani mwaka 2018. Tuna grinikadi, na mtoto wa mwisho mwenye miaka 4 alizaliwa hapa hapa. Bwana yangu anafanya kazi ghala la mizigo kwa dola 17 kwa saa. Mimi nilikuwa nafanya usafi hotelini, nikaacha mgongo ulipozidi. Tulikuwa tunapata fudistempu, msaada wa serikali wa kununulia chakula, dola 698 kwa mwezi.

Kiingereza changu ni cha salamu na cha dukani. Barua zote zinasomwa na binti yetu wa kwanza, ana miaka 13. Hospitali ni yeye, mwenye nyumba ni yeye, ofisi ya fudistempu ni yeye.

Novemba yaya wa bwana yangu, yaani kaka yake mkubwa, alihamia kwetu. Anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Anatoka saa tisa alasiri, anarudi saa nane usiku. Ananunua mchele wake na ndagala zake, ana rafu yake kwenye friji, anapika mwenyewe anapoamka. Jumapili peke yake ndiyo tunakula naye bugali na sombe (kisamvu). Kila mwezi anatoa dola 250 za kusaidia kodi ya nyumba. Mara mbili alileta gunia la mchele la ratili 50 akasema ni la watoto.

Mwezi wa nne ilikuwa zamu yetu kuandikishwa upya. Simu ilipigwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemzuia binti asiende shule, na siku ile alikuwa na mtihani wa hesabu. Tuliweka simu mezani, spika wazi. Afisa akauliza kama kuna mtu wa kutafsiri, binti akasema yupo yeye. Akauliza nyumbani tuko wangapi, binti akasema sita. Kisha binti akanigeukia: "Mama, anauliza kama tunakula pamoja na baba mkubwa." Nikasema ndiyo, sisi si watu wa kumnyima ndugu chakula. Akaulizwa mshahara wa baba mkubwa, akakisia.

Barua ya kwanza ilikuja ya tarehe 14 Aprili: kuanzia Mei mosi hatupati kitu, mapato yamezidi. Ya pili ni ya tarehe 22 Mei: tumelipwa visivyo halali tangu Desemba mpaka Aprili, tunadaiwa dola 3,490. Ndani yake kuna karatasi nyingine yenye mahali pa kutia sahihi.

Sasa kila mtu ana neno lake. Bwana yangu anasema tunyamaze tulipe kidogo kidogo, kwamba mkimbizi hashindani na serikali iliyompokea, na mwaka huu anataka kuomba uraia. Mzee mmoja wa kanisani anasema nisaini ile karatasi mambo yaishe, na kwamba wakalimani wameshafutwa, siku hizi ni Kiingereza tu. Rafiki yangu anasema tuandike kuwa shemeji anakaa kwa mtu mwingine. Shemeji mwenyewe alisikia maneno, ameanza kupanga nguo zake kwenye begi. Na binti yangu hali chakula vizuri. Usiku alilia akaniambia, "Mama, mimi ndiye niliyeharibu chakula cha wadogo zangu."

Nifanye nini bila kuvunja nyumba?

Mama wa Watatu

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Watatu, pole sana, na asante kwa kuandika kwa urefu. Ulichoeleza kuhusu rafu ya friji na gunia la mchele kina uzito mkubwa kuliko unavyodhani. Nitaanzia hapo, kisha barua, kisha binti.

Umebeba mambo mawili yaliyofungwa fundo moja: chakula kilichokatwa pamoja na deni lake, na mtoto aliyejitwika lawama. Kila anayekushauri amekubali jambo moja bila kuliuliza, kwamba kosa limekwisha kuthibitika na limebaki kulilipa au kulificha. Naomba tuliulize kwanza.

Fomu za SNAP, ndizo hizo fudistempu, zina neno la Kiingereza "household". Wengi wetu hulisikia kama nyumba, au familia. Kwa kanuni za programu hii, hesabu inafuata chungu: watu wanaoishi pamoja na ambao kwa kawaida wananunua chakula na kukipika pamoja. Mume na mke lazima wahesabiwe pamoja, na wazazi pamoja na watoto wao walio chini ya miaka 22 wanaoishi nao. Ndugu wa mume hamo kwenye orodha hiyo ya lazima. Akiwa na chakula chake na kupika kwake, anaweza kuwa chini ya paa lenu na bado awe kaya ya peke yake, na mshahara wake usiingie kwenye hesabu yenu.

Afisa inaelekea aliuliza kama mnanunua na kupika pamoja. Binti akatafsiri "tunakula pamoja". Nawe ukajibu kama mama yeyote wa kwetu angejibu, maana kusema "hapana, hali nasi" ni kumtukana shemeji. Swali lililokufikia ni la ukarimu. Lililoandikwa kwenye faili ni la manunuzi na jiko. Hapo ndipo watano walipogeuka sita, mshahara wa kiwandani ukaongezwa juu ya ule wa ghala, na jumla ikapita kiwango.

Lakini sitaki kukupa matumaini yasiyo na mguu. Kanuni inasema "kwa kawaida", haikutaja idadi ya milo. Chakula cha Jumapili peke yake ni vigumu kumfanya mtu awe wa chungu chenu. Yale magunia mawili ni swali gumu kidogo: ni zawadi ya mara mbili, au ndiyo desturi ya nyumba? Ni nyinyi mnaojua. Chukueni kalenda, andikeni wiki mbili za kawaida: nani alinunua nini, nani alipika, nani alikula. Kaa na bwana yako na shemeji mezani mfanye hivyo kabla hujampigia mtu yeyote simu. Ikionekana kweli mnanunua na kupika pamoja siku nyingi, basi ofisi haikukosea kuhusu idadi, na njia yenu itakuwa kujadili ukubwa wa deni na namna ya kulilipa. Mishahara yenyewe ikaguliwe kwa vyovyote, kwa sababu ule wa shemeji ulikisiwa. Karatasi zake za malipo zitasema ukweli.

Kama kalenda inaonyesha vyungu viwili, unahitaji ushahidi wa kawaida tu: barua fupi ya shemeji, yenye tarehe na sahihi, akisema ananunua na kupika chakula chake tangu Novemba, risiti zake chache, na jina la mtu wa nje anayewajua, kama mwenye nyumba au jirani. Zile dola 250 zitaje pia, usizifiche. Mkigawana kodi, ofisi inapaswa kuhesabu kwenye gharama zenu ile sehemu mnayolipa nyinyi, kwa hiyo kiasi chenu kinaweza kushuka kidogo chini ya 698 hata mkishinda.

Sasa barua. Ni mbili, kwa hiyo ni maamuzi mawili, na kila moja lina saa yake. Kwenye SNAP unaweza kuomba kusikilizwa na afisa wa rufaa ndani ya siku 90, na hesabu inafuata tarehe ya taarifa, siyo siku uliyofungua bahasha. Ile ya 14 Aprili inakupeleka mpaka 13 Julai. Ile ya 22 Mei, mpaka 20 Agosti. Watu wengi hukata rufaa ya deni wakasahau ile ya kukatiwa chakula, au kinyume chake. Taja zote mbili. Huhitaji fomu maalumu. Kusema kwa mdomo, hata kwenye simu, kwamba unataka kusikilizwa kunatosha kisheria. Hata hivyo andika pia, piga picha ya karatasi kabla ya kuipeleka, na ukienda mwenyewe omba wakupigie muhuri wa tarehe kwenye nakala yako.

Kabla ya siku ya kusikilizwa una haki ya kuona faili lako na kupewa bure nakala za sehemu zinazohusu shauri. Omba maandishi ya afisa kuhusu mahojiano yale, na kama simu ilirekodiwa, omba na rekodi. Hapo itaonekana swali lilikuwaje, nani alitafsiri, na kama afisa aliandika umri wake. Deni lililo kwenye rufaa halihesabiwi kuwa limechelewa kulipwa mpaka uamuzi utoke.

Jambo moja linawachanganya wengi. Huenda umesikia kwamba ukikata rufaa mapema unaendelea kupokea chakula wakati ukisubiri. Hiyo ni kwa aliyekatwa katikati ya kipindi alichoandikishwa. Kipindi chenu kilikuwa kimekwisha, ndiyo maana mlikuwa mnaandikishwa upya, kwa hiyo rufaa peke yake haitajaza kadi yenu ya fudistempu mwezi huu. Kinachoweza kuijaza ni ombi jipya, na hakuna kinachokuzuia kuliweka huku rufaa ikiendelea. Jina, anwani na sahihi vinatosha ili tarehe ianze kuhesabiwa, mengine yanafuata. Ofisi ina siku 30 za kuamua, na malipo yanahesabiwa kuanzia siku ombi lilipoingia, kwa hiyo kungoja mpaka karatasi zote zikamilike kunakupotezea siku. Ukishinda rufaa, ile miezi ya kuanzia Mei inaweza kurudishwa.

Ile karatasi ya sahihi usiitie kalamu mpaka mtu mzima anayeielewa akusomee neno kwa neno. Inaweza kuwa makubaliano ya kulipa. Inaweza pia kuwa karatasi ya kukubali kwamba mlidanganya kwa makusudi na kuacha haki ya kusikilizwa. Hizo mbili hazifanani hata kidogo. Kosa la bahati mbaya, liwe lenu au la ofisi, hukatwa kwenye chakula cha kila mwezi kwa asilimia 10 au dola 10, lolote lililo kubwa. La makusudi ni asilimia 20 au dola 20, na mtu mzima aliyehusika anafungiwa miezi 12 kwa mara ya kwanza, 24 kwa mara ya pili, na ya tatu ni maisha. Mzee wa kanisani anakutakia amani, sina shaka, ila amani hiyo inaweza kuwa ghali.

Hofu ya bwana yako naielewa. Mtu aliyeishi kambini miaka hiyo yote, ambako kumuudhi afisa kulikuwa na bei yake, hawezi kuambiwa tu "usiogope". Mweleze hivi: kusikilizwa ni hatua iliyomo ndani ya programu yenyewe, na imetajwa kwenye barua hizo hizo mlizotumiwa. Sheria ya uhamiaji imewatoa wakimbizi kwenye kile kipimo cha mtu atakayekuwa mzigo kwa serikali, na ombi la uraia halina kipimo hicho. Kinachoulizwa kwenye fomu ya uraia, N-400, ni kama umewahi kusema uongo ili upate msaada wa serikali. Kwa hiyo kunyamaza nako kuna hatari: deni linabaki kwenye kumbukumbu bila maelezo yenu, na likiachwa bila kulipwa linaweza kukatwa kwenye rifandi, yaani marejesho, ya kodi ya mapato ya serikali kuu. Na lile wazo la rafiki yako, la kumwandika shemeji kwenye anwani ya mtu mwingine huku analala kwenu, ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Lingegeuza kosa la tafsiri kuwa uongo wa kweli, wenye sahihi yako chini yake.

Shemeji akiamua kuhama kwa hiari yake, hayo ni maisha yake, na kesi itabadilika kuanzia siku hiyo. Deni la nyuma halitaondoka na begi lake. Mwambieni hilo kabla hajamaliza kukunja nguo, kwa sababu pengine anahama akidhani anawaokoa, na ushahidi mkubwa mnaouhitaji ni neno lake.

Nije kwenye lugha. Ni kweli amri ya rais ya Machi 2025 ilikitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani, na ikafuta amri ya mwaka 2000 iliyohusu huduma kwa wasiokijua. Lakini Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 haijafutwa. Inakataza kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake mahali panapotumika fedha za serikali kuu, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya watoto Wachina wa San Francisco, iliamua kwamba kuwaacha watu nje kwa sababu ya lugha kunaingia kwenye ubaguzi huo. Kanuni za SNAP nazo zina sehemu yake ya lugha. Ofisi nyingi zina laini ya wakalimani wa simu, na Kiswahili kimo kwenye orodha.

Kupiga simu ukiwa peke yako kunatisha, najua, kwa sababu sauti ya mashine inazungumza Kiingereza na Kihispania kisha inanyamaza. Subiri usikate. Mtu akipokea, sema maneno matatu: "Swahili interpreter, please." Kisha nyamaza. Akikuuliza kama kuna mtu nyumbani anayejua Kiingereza, rudia maneno yale yale matatu. Usimwite binti. Andika tarehe, saa, na jina la aliyepokea. Siku ya mahojiano pokea hata namba usiyoijua, maana ofisi nyingi hupiga kutoka namba iliyofichwa. Ukiikosa, watakutumia taarifa kwamba umekosa mahojiano. Omba siku nyingine kabla siku 30 za ombi hazijaisha.

Mkalimani naye anaweza kuwa wa Mombasa au Dar es Salaam, na Kiswahili chetu kina mitego. Ukimwambia "yaya wa bwana yangu anakaa kwetu", Mkenya anaweza kutafsiri kwamba mna mfanyakazi wa kulea watoto. Bwana yako akisema "bibi yangu hafanyi kazi", Mtanzania anaweza kusikia mama wa mzazi wake, na ghafla kuna mtu wa saba nyumbani. Sema "kaka mkubwa wa mume wangu". Sema "mke wangu". Kama Kibembe ndicho unachokimudu zaidi kwa mambo mazito, waulize kama kipo, na kama humwelewi mkalimani una haki ya kuomba mwingine. Na kabla ya kujibu swali la chungu, mwombe alirudie: anauliza kula, au kununua na kupika?

Kuna wanasheria wa msaada wa bure katika kila jimbo, na wenye grinikadi na kipato kidogo huhudumiwa. Shirika lililowapokea mwaka 2018 linaweza kukuelekeza, hata kama muda wenu nao umekwisha. Kama ukiona ofisi ilikosea kumtumia mtoto, kuna pia malalamiko ya haki za kiraia kwa Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo ndiyo inayosimamia SNAP, ndani ya siku 180. Njia hiyo ni ya polepole na hairudishi chakula kwa yenyewe. Wengine huona inawachosha bure, wengine huona inawasaidia familia zitakazofuata. Pima nguvu zako.

Na binti. Umeandika "barua zote zinasomwa na binti", na najua ndani yake kuna fahari, yako na yake. Sidhani anahitaji kuambiwa ghafla kwamba hatatafsiri tena kitu. Anaweza kulisikia kama adhabu. Labda ukae naye, umwonyeshe lile neno la Kiingereza, umweleze lina maana gani kwenye fomu, na kwamba hata watu wazima hulikosea. Mwambie afisa aliyekubali mtoto wa miaka 13 afanye kazi ile ni mtu mzima, na wewe uliyemzuia asiende shule ni mtu mzima, na kwamba umeona ilimlemea. Maneno hayo akiyasikia kwako yatafika mbali kuliko akiyasikia kwangu. Sombe na bei za dukani anaweza kuendelea kukutafsiria. Mishahara, madeni na hospitali, hapo tafuteni mtu mwingine. Shule yake nayo inapaswa kukupa mkalimani ukienda kuomba arudie ule mtihani wa hesabu, na ukienda na mkalimani wa shule, binti atakuona ukiongea kwa niaba yake badala ya yeye kuongea kwa niaba yako.

Zungumza na bwana yako kwanza, kalenda ikiwa mezani. Mkiamua rufaa, mkiamua kulipa, au ombi jipya peke yake, niandikie tena uniambie barua ya 22 Mei ilikuwa na karatasi ipi ndani yake, tuisome pamoja kabla ya 20 Agosti.